Pafukapo Moshi: Wanafunzi 43 wa Ayotzinapa na Ushahidi wa Mifupa

Tarehe 27 Januari 2015, Mwanasheria Mkuu wa Meksiko, Jesús Murillo Karam, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba kitendawili cha wanafunzi 43 waliotoweka kimeteguliwa. Kwa maelezo yake, vijana hao waliuawa na genge la wahalifu, wakateketezwa usiku mmoja katika dampo la taka la Cocula, kisha mabaki yao yakatiwa mifukoni na kutupwa mtoni. Maelezo hayo aliyaita "ukweli wa kihistoria." Anayefundisha historia hana budi kushtuka anaposikia dola ikijipa mamlaka ya kuufunga ukweli kwa tangazo.

Vijana hao walikuwa wanafunzi wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa, katika jimbo la Guerrero, chuo kinachopokea watoto wa wakulima maskini. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2014 walikuwa mjini Iguala wakitwaa mabasi ya kuwapeleka mji mkuu, kwenye kumbukumbu ya wanafunzi waliouawa Tlatelolco mwaka 1968. Polisi waliwafyatulia risasi. Watu sita waliuawa usiku huo, na wanafunzi 43 wakachukuliwa.

Simulizi ya serikali ilisimama juu ya maungamo ya watuhumiwa. Lakini maungamo hayo yalikuwa na dai moja linaloweza kupimwa bila kumtegemea shahidi yeyote: kwamba miili 43 iliteketea mahali pa wazi, kwa kuni, matairi na dizeli, tangu usiku wa manane hadi mchana wa siku iliyofuata. Hapo ndipo moto wenyewe ulipoitwa kutoa ushahidi.

Mwili wa binadamu hauungui kwa urahisi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na maji hayo sharti yakauke kabla nyama haijashika moto. Mfupa ni mgumu zaidi. Joto huanza kwa kuunguza sehemu yake ya protini, nao hugeuka kahawia, kisha mweusi kama mkaa. Joto likizidi huwa wa kijivu, na likipita takriban nyuzijoto 700 hadi 800 za selsiasi, hubaki madini matupu, meupe kama chokaa. Hapo mfupa husinyaa, hujikunja na kupasuka, na vinasaba vinavyoweza kumtambulisha marehemu huwa vimepotea. Hata hivyo mfupa hautoweki. Hata katika tanuri maalumu la kuchomea maiti, baada ya saa moja na nusu au mbili za joto kali, hubaki kilo mbili au tatu za vipande vya mifupa, ambavyo husagwa kwa mashine. Yale tunayoyaita majivu ya marehemu, kwa sehemu kubwa ni mifupa iliyosagwa.

Mwaka 2015, jopo la wataalamu huru lililoteuliwa na Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika lilimwita José Torero, bingwa wa sayansi ya moto kutoka Peru. Hesabu zake zilionyesha kwamba kuteketeza miili 43 kwa kiwango kilichodaiwa kungehitaji takriban tani 30 za kuni, tani 13 za matairi na saa 60. Moto wa namna hiyo ungeunguza mimea yote iliyozunguka dampo, naye hakuona alama za kutosha za madhara hayo.

Februari 2016, wataalamu wa mifupa kutoka Ajentina, ambao taaluma yao ilizaliwa katika kuwatafuta waliopotezwa na utawala wa kijeshi wa nchi yao, walifikia hitimisho kama hilo. Dampo lilikuwa na mabaki ya watu wasiopungua 19, lakini hakuna aliyetambuliwa kuwa mmoja wa wanafunzi. Aidha, eneo hilo lilikuwa limewahi kuwaka moto miaka ya nyuma. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kwa Cocula swali liligeuka: moto mkubwa kiasi hicho, moshi wake uliuona nani? Picha za setilaiti za usiku ule hazikuuonyesha.

Jopo jingine lilisema mwaka huohuo kwamba huenda miili ipatayo 17 iliunguzwa pale, kauli iliyozua ubishi. Lakini hata hiyo haikufika 43. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti iliyoonyesha kwamba watuhumiwa wengi waliteswa. Agosti 2022 Murillo Karam mwenyewe alikamatwa, akakabiliwa na mashtaka ya kuhusika na utesaji na kupotezwa kwa watu. Ni wanafunzi watatu tu ambao mabaki yao yametambuliwa. Wawili kati yao walitambuliwa mwaka 2020 na 2021, kwa vipande vya mifupa vilivyookotwa korongoni, nje ya dampo lile.

Wazazi wa vijana hao hawakuwa wanasayansi, lakini waliikataa ripoti tangu siku ya kwanza na kudai wachunguzi huru. Mwanaharakati ajifunze hapo kwamba hasira hupata nguvu inapouliza maswali yenye vipimo: kuni kiasi gani, kwa saa ngapi, na majivu yako wapi? Naye mtumishi wa umma anayeandaliwa ripoti aitie sahihi akumbuke kwamba karatasi hukubali kila kitu, bali mfupa haukubali.