Logi kabla ya vipeo

Leo mwanafunzi huandika 10² = 100, kisha akaigeuza kuwa log 100 = 2, akijua kwamba milinganyo hiyo miwili inasema jambo lilelile. Kihistoria, hata hivyo, logi zilitangulia maelezo hayo ya vipeo. John Napier wa Uskoti alizitangaza mwaka 1614 kwa kulinganisha mwendo wa nukta mbili: moja ya kasi isiyobadilika, nyingine ya kasi inayopungua. Hakutumia vipeo; namna ya kuviandika kama tunavyofanya leo ilienea baada ya kitabu cha Descartes cha 1637.

Mwaka 1615 Henry Briggs alisafiri kutoka London hadi Edinburgh kuonana na Napier. Walikubaliana kwamba logi ya 1 iwe 0, na ya 10 iwe 1. Mwaka 1624 Briggs alichapisha majedwali yenye desimali 14. Kwa majedwali hayo, kuzidisha kuligeuka kujumlisha: logi ya 2 ni 0.30103, ya 3 ni 0.47712, jumla yake, 0.77815, ndiyo logi ya 6.

Leonhard Euler ndiye aliyeweka wazi uhusiano wa logi na vipeo katika kitabu chake cha 1748: logi ni kipeo ambacho kizio hupandishwa kwacho ili kupata namba fulani. Kwa hiyo 2⁵ = 32 ni sawa na kusema logi ya 32 kwa kizio 2 ni 5. Vikokotoo vya miaka ya 1970 viliyaondoa majedwali mezani. Ugeuzaji wa vipeo kuwa logi umebaki darasani.