Siku Moja Arabuko-Sokoke: Mambo ya Kutarajia Ukitembea na Mwongozaji

Kila nikisikia wenzangu wa Malindi wakipanga safari ya kwenda kuona gorila kule Bwindi, Uganda, huwauliza kama wameshaingia Arabuko-Sokoke. Wengi bado, ilhali lango la Gede liko kilomita 20 hivi kutoka mjini, kando ya barabara ya Mombasa. Haya ndiyo ya kujua kabla hujatoka nyumbani.

Saa. Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa nne jua limekolea na wanyama wametulia. Ada ya kuingia ni mbali na malipo ya mwongozaji. Kubalianeni bei na muda kabla ya kuanza.

Mavazi. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika. Ingiza suruali ndani ya soksi, maana siafu hawabishi hodi. Beba maji yako.

Utakachokiona. Msitu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na sura tatu: miti mchanganyiko, mirihi kwenye mchanga mweupe, na vichaka vizito kwenye udongo mwekundu. Katika vichaka hivyo hulala bundi mdogo wa Sokoke, wa kutosha kiganjani. Bila mwongozaji utampita tu. Sange mwenye kiuno cha dhahabu utamsikia kwanza, majani makavu yakichakarika, kisha umwone akiruka. Ndovu wapo pia. Ukiambiwa simama, simama.

Hakuna ahadi. Waweza kutembea saa tatu ukarudi umeona vipepeo tu.

Utaona na mabaya: mitego ya waya, na visiki vya muhuhu na mbambakofi. Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Waongozaji wengi ni watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu, na siku bila mgeni ni siku bila mapato. Mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993, umeonyesha kuwa jirani wa msitu akipata riziki kwa kufuga vipepeo, ana sababu ya kuulinda mti uliosimama. Mwongozaji naye ni vivyo hivyo.

Kwa hivyo msiwaachie watalii wa Ulaya peke yao. Likizo ijayo, wapeleke watoto. Msitu usiojulikana na wenyewe hauna wa kuulilia ukikatwa.