Rejeta ya treni kwenye kompyuta yako
Unapanga kupoza kompyuta kwa maji kwa mara ya kwanza? Kama uko Kilosa, anzia stesheni. Reli iliyoanza Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914 ilipitisha hapa injini za mvuke, zikitapika maji yao hewani na kujazwa tena njiani. Dizeli ikaja na rejeta: maji yaleyale yanazunguka, pampu inasukuma, feni inapuliza. IBM 3081 ya 1980 nayo ilipozwa kwa maji. Yako ni hiyohiyo, ndogo tu.

Ila usiifananishe na mtungi. Mtungi unavuja jasho, ndiyo maana maji yake huwa baridi kuliko hewa. Rejeta haitoi jasho. Chumba chako Mikumi kikiwa nyuzi 33, maji hayatashuka chini ya hapo, hata ununue pampu ya bei gani. Fungua dirisha kwanza.