Sange: mwenyeji wa jana, mkimbizi wa leo

Mto Ruzizi umevusha watu pande zote mbili. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa Burundi, maelfu ya Warundi walivuka na kupokelewa huku Uvira. Oktoba 1996 vita ikavunja kambi zao. Wakongomani nao wakakimbia, wengi hadi Nyarugusu, Tanzania. Mwaka 2015 Warundi walirudi kuomba hifadhi, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa Fizi. Februari 2025 ikawa zamu ya Wakongomani tena: walivuka Ruzizi kuingia Cibitoke, wakalala uwanjani Rugombo.

Kwa hiyo, kuni, maji na shamba vinapoleta ugomvi Sange, wenyeji wakumbuke: anayemnyima Mrundi kuni leo, kesho anaweza kuziomba kwake, ng'ambo ya mto.