Alfajiri Mbili katika Sinema za Kutisha

Wapenzi wa sinema za kutisha hawana ubishi mrefu kama ule wa kuchagua iliyo bora. Wako wanaoitaja Psycho ya Alfred Hitchcock, iliyotoka mwaka 1960. Wako wanaosimama na Dracula na Frankenstein, zote mbili za mwaka 1931. Na vijana nao wana orodha zao, ambazo leo hatutazigusa. Sisi, baada ya kutazama nyingi, zikiwemo mbovu kupindukia, tumebaki na mbili tu ambazo hatuchoki kuzirudia: Nosferatu ya Ujerumani, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 4 Machi 1922, na Night of the Living Dead ya Marekani, yaani Usiku wa Wafu Walio Hai, ya mwaka 1968. Zote mbili huishia alfajiri, lakini alfajiri hizo hazifanani hata kidogo.

Tuanze na ile ya kale. Mwaka 1897 Bram Stoker, mwandishi wa Ireland, alitoa riwaya ya Dracula, inayosimulia habari za kabaila wa milima ya Transylvania aliyekufa asife, ambaye huishi kwa kunyonya damu za watu. Stoker alifariki mwaka 1912, na mjane wake, Florence, akawa anategemea sana mapato ya kitabu hicho. Mwaka 1921 kampuni changa ya Kijerumani, Prana-Film, ilikigeuza kitabu kuwa sinema pasipo kuomba ruhusa wala kulipa chochote. Henrik Galeen, aliyeandika mchezo, alibadili majina: Dracula akawa Orlok, na badala ya London ukawekwa mji wa kubuni uitwao Wisborg. La kustaajabisha ni kwamba maandishi ya mwanzo wa sinema hiyo yalitaja waziwazi kuwa hadithi imetokana na riwaya ya Stoker. Yaani walivaa barakoa, kisha wakajitaja kwa jina.

Mwongozaji wake alikuwa F. W. Murnau. Wakati huo sinema ya Kijerumani iliyosifiwa mno kwa kutisha ilikuwa Das Cabinet des Dr. Caligari ya mwaka 1920, ambayo nyumba na njia zake zote zilichorwa kwa rangi ndani ya studio, zikapindwapindwa kama ndoto ya mgonjwa. Murnau aliichukua kamera akatoka nayo nje. Alipiga picha katika miji ya Wismar na Lübeck, na ngome ya kabaila aliipata Orava, nchini Slovakia. Kwa rai yetu hapo ndipo alipowapita wenzake. Mtazamaji wa Caligari anajua tangu mwanzo kwamba yumo katika dunia ya karatasi. Mtazamaji wa Nosferatu huona mawimbi ya kweli, farasi wa kweli, na barabara ya mawe ambayo angeweza kuipita mwenyewe, na humo ndimo anamopita yule mfu mrefu, kipara, mwenye kucha kama za ndege.

Aliyecheza nafasi ya Orlok aliitwa Max Schreck. Kwa Kijerumani neno Schreck lina maana ya hofu ya ghafla, na kwa sababu hiyo watu wengi wamedhani kuwa jina hilo lilitungwa kwa ajili ya sinema. La hasha, ndilo jina lake halisi, naye alikuwa mwigizaji wa jukwaani mwenye kazi nyingi nyingine. Katika sinema yenyewe haonekani ila kwa dakika chache. Tukio linalokumbukwa kuliko yote halimwonyeshi kabisa: ni kivuli chake tu kinachopanda ngazi, mgongo umepinda, vidole vikirefuka ukutani, hata kivuli cha mkono kinamfikia mwanamke aitwaye Ellen na kuukamata moyo wake. Sinema hii ni bubu, na humo hakuna tone la damu linaloruka. Tumewahi kuwaonyesha tukio hilo wanafunzi waliozoea sinema za leo zenye makelele. Walianza kwa kucheka, na kicheko kikaisha kivuli kilipofika katikati ya ngazi.

Tena yafaa tukumbuke waliokuwa wakitazama mwaka ule wa 1922. Orlok huingia mjini kwa jahazi lenye panya, na nyuma yake huja tauni. Milango hutiwa alama za chaki, na majeneza hubebwa moja baada ya jingine katika njia nyembamba. Watu wa Berlin walikuwa wametoka katika vita vya 1914 hadi 1918 na katika homa kuu iliyofuata. Safu ile ya majeneza haikuwa jambo geni machoni pao.

Hapa hatuwezi kujizuia kugusa lugha yetu. Msomaji wa Kiswahili akisikia habari za mnyonya damu, mara moja hulikumbuka neno mumiani. Neno hilo lina asili ya Kiajemi, ambako lilitaja dutu nyeusi kama lami iliyotumiwa kuwa dawa. Lakini katika Afrika Mashariki ya wakoloni liliambatana na uvumi kwamba wako watu wanaokamata wenzao na kuwatoa damu. Kenya na Tanganyika walinong’ona pia habari za wazimamoto, Uganda wakawaita bazimyamwoto, na Katanga wakaitwa batumbula. Tofauti yao na Orlok ni kubwa. Orlok ni mfu, hukaa ngomeni, hulala ndani ya udongo wa kaburi lake. Mumiani ni mtu mzima na hai, mwenye gari, pengine mwenye sare na mshahara. Jua halimdhuru.

Orlok jua humuua, na jambo hili lina historia yake. Katika riwaya ya Stoker, Dracula hutembea mchana mjini London. Nguvu zake hupungua tu. Ni sinema ya Murnau iliyoamua kwamba mwanga wa jua humwangamiza mnyonya damu, na wengi waliokuja baadaye waliliiga wazo hilo wakidhani ni la tangu na tangu. Ellen husoma kitabuni kwamba mwanamke mwenye moyo safi akijitoa kwa hiari anaweza kumzuia mfu huyo asisikie jogoo akiwika. Basi anafungua dirisha, anampokea, naye anakawia. Jogoo anawika, miali inaingia chumbani, na Orlok anatoweka kama moshi. Ellen mwenyewe anakufa, ila mji umepona.

Picha za usiku zilipigwa mchana, kisha utepe ukatiwa rangi ya buluu ili mtazamaji aelewe kuwa ni usiku. Kwa miaka mingi zilizunguka nakala zisizo na rangi, na humo Orlok huonekana akibeba jeneza lake juani pasipo kudhurika! Atakayeitafuta sinema hii na atafute nakala iliyorudishiwa rangi zake, la sivyo mwisho wake hautakuwa na maana.

Kwamba ipo nakala yoyote ya kutafutwa ni bahati tu. Florence Stoker alipopata habari za sinema hiyo alishtaki. Kampuni ya Prana ilikuwa imekwisha filisika, hata fidia haikupatikana, na mnamo Julai 1925 mahakama ya Berlin iliamuru nakala zote ziharibiwe. Sisi twaona mjane yule alikuwa na haki. Alinyang’anywa mali yake, na mwalimu yeyote aliyeona kitabu chake kikichapwa na wengine bila idhini anaelewa uchungu wake. Hata hivyo twafurahi kwamba hakufanikiwa. Nakala zilikuwa zimekwisha vuka mipaka, na kutokana na hizo sinema ikafufuliwa. Hatuna njia ya kuyapatanisha mawazo haya mawili, nasi hatutajaribu.

Sinema zilizofuata tutazipita mbio. Katika Frankenstein ya James Whale zimwi hucheza na mtoto kando ya ziwa, wakirusha maua yanayoelea. Maua yakiisha, humrusha mtoto akidhani naye ataelea. Wakaguzi walilikata tukio hilo mahali zimwi linaponyosha mikono, na watazamaji wakaachwa wawaze mabaya zaidi. Kipande hicho kilirudishwa katika miaka ya 1980, na kilipoonekana kikawa cha kuhuzunisha kuliko kutisha.

Sasa tufike mwaka 1968. George Romero na wenzake wa Pittsburgh walikuwa na fedha kidogo, filamu isiyo ya rangi, nyumba ya shamba, na sharubati ya chokoleti iliyotumika badala ya damu. Wafu wanaamka na kula walio hai. Watu saba wanajikuta wamezingirwa nyumbani humo. Anayeongoza mapambano ni Ben, aliyechezwa na Duane Jones, Mmarekani mweusi, ambaye baadaye alifundisha sanaa ya maigizo chuoni, na kwa hiyo ni mwenzetu. Nafasi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi. Romero alisema alimchagua kwa kuwa ndiye aliyefanya vizuri zaidi katika majaribio. Hakuna anayeitaja rangi yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Sheria iliigeukia sinema hii kwa namna nyingine. Jina la awali lilikuwa Night of the Flesh Eaters. Wasambazaji walipolibadili, tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina hilo likaondoka nalo, na sheria ya Marekani ya wakati ule haikumlinda asiyeweka tangazo. Sinema ikawa mali ya kila mtu. Watengenezaji walikosa sehemu kubwa ya mapato, nayo ikaonyeshwa kila mahali, hata ikaingizwa mwaka 1999 katika sinema zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Usiku kucha Ben hubishana na Cooper, anayetaka wote wajifungie chini ya sakafu. Ben husema huko ni mtegoni. Mwishowe wenzake wote wanakufa, naye anaokoka kwa kujificha huko huko chini alikokataa. Kunapambazuka, ndege wanalia, na mbwa wanasikika. Wanaume wenye bunduki wanapita mashambani wakiwamaliza wafu, wakizungumza kwa utulivu kama watu walio kazini. Ben anasogea dirishani. Mmoja analenga shabaha, na risasi inampata kichwani. Romero alisimulia kwamba alikuwa njiani kuipeleka sinema New York aliposikia redioni kuwa Martin Luther King ameuawa. Hiyo ilikuwa tarehe 4 Aprili 1968.

Baada ya risasi picha zinaacha kutembea. Zinakuja moja moja, zenye chembechembe kama za gazeti: nyuso za wale wanaume, kulabu za kuvutia nyama, mwili wa Ben ukiburutwa. Wanamlaza juu ya kuni kando ya mmoja wa wale wafu aliopigana nao usiku kucha, kisha wanawasha moto.