Pampu ya zege
Pampu ya zege ni mashine inayosukuma zege bichi kupitia bomba hadi linapomwagwa. Pistoni mbili hupokezana: moja ikivuta zege kutoka kwenye beseni, nyingine hulisukuma bombani. Mchanganyiko mkavu mno, au wenye kokoto kubwa, huziba njia, na zege likigandia humo ni kazi ya nyundo. Kwa hiyo uji wa saruji hutangulizwa kulainisha bomba, nalo huoshwa mara kazi inapokwisha.

Katika ujenzi wa nyumba za kawaida, kwenye kata kama Morotonga wilayani Serengeti, ndoo na karai za vibarua waliojipanga mstari hutosha. Pampu hulipa kwenye maghorofa. Katika jengo la Burj Khalifa, Dubai, zege lilipandishwa zaidi ya mita 600.

Mashine nyingine inayosukuma saruji kupitia bomba, ile ya kupuliza lipu, ina asili ya ajabu kidogo. Aliyeibuni ni Carl Akeley, Mmarekani mkaushaji wa wanyama wa makumbusho, aliyepata hataza mwaka 1911. Alifariki mwaka 1926 katika mlima Mikeno, mashariki mwa Kongo, akazikwa hukohuko.