Meno yaliyong'olewa kwa ajili ya baridi yabisi

Oktoba 1910, daktari William Hunter wa London alisimama mbele ya wasikilizaji wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akawashambulia madaktari wa meno wa zama zake. Walikuwa mafundi hodari wa dhahabu. Jino likioza, walilivika kofia ya dhahabu na kuuacha mzizi mbovu chini yake. Juu panang'aa, pembeni fizi imevimba, ukiibonyeza inatoka usaha, na mgonjwa anaumeza usiku na mchana. Hunter alishikilia kwamba humo ndimo yanamoanzia maradhi mengi ya mwili.

Hakuwa wa kwanza. Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alikwisha kutoa kitabu kuhusu vijidudu vya kinywani mwaka 1890. Lakini ni Hunter, na baada yake Frank Billings wa Chicago, walioifanya dhana hiyo ishike kasi.

Kilichofuata kinauma kukisimulia. Kwa takriban miaka 30 wagonjwa wa baridi yabisi waling'olewa meno, mengine mazima kabisa, na kukatwa mafindofindo, wakiahidiwa kwamba vidole vyao vingenyooka. Mwaka 1938 Russell Cecil, aliyewahi kuamini kuwa ugonjwa huu unaletwa na bakteria, alichapisha na mwenzake Angevine taarifa ya wagonjwa 200. Kati ya 52 waliong'olewa meno, 47 hawakupata nafuu. Naiheshimu sana kazi hiyo: Cecil aliwahesabu wagonjwa, akakubali hesabu inayopinga imani yake.

Nadharia ikazikwa, na kinywa kikasahaulika pamoja nayo. Hilo nalo lilikuwa kosa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba kinga ya wagonjwa wengi wa baridi yabisi hushambulia protini za mwili zilizobadilishwa kidogo: kijenzi chake kimoja, ajinini, kimegeuzwa kuwa sitrulini. Wakati huohuo ikabainika kuwa *Porphyromonas gingivalis*, bakteria wa fizi zilizooza, ana kimeng'enya chake mwenyewe cha kufanya mageuzi hayohayo. Mwaka 2016 akatajwa mwingine, *Aggregatibacter actinomycetemcomitans*. Huyu hutoboa chembe nyeupe za damu kwa sumu yake, kalsiamu ikafurika ndani, na vimeng'enya vya chembe yenyewe vikaanza kuzigeuza protini zake ovyo. Kingamwili dhidi ya protini hizo huweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla kiungo hata kimoja hakijavimba.

Mwaka 2023 watafiti wa Marekani waliopima damu ya wagonjwa mara kwa mara waliripoti kuwa kwa wenye baridi yabisi na fizi mbovu, bakteria wa kinywani huvuja na kuingia kwenye damu tena na tena. Daktari wa viungo ana kila sababu ya kumwambia mgonjwa wake afungue kinywa. Fizi zikitoka damu, za kutibiwa ni fizi: ukoga ukwanguliwe hadi chini ya ufizi, jino libaki.